Nikistaafu nirudi Tanga nilikoendesha baiskeli, au nibaki Dar?

"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 59, nastaafu mwakani baada ya miaka 35 kazini. Nimezaliwa na kukulia Ngamiani, Tanga. Baba alikuwa na baiskeli ya Phoenix, na tangu nikiwa darasa la sita mpaka nilipokwenda chuo cha ualimu hakuna njia ambayo sikuipita: Raskazone kuogelea, Amboni kwenye mapango, Pongwe kwa mjomba, Tongoni mpaka Kigombe kufuata samaki. Sasa naishi Chanika kwenye nyumba yetu wenyewe, lakini Dar imenichosha. Nauli, foleni, kila kitu bei juu. Kwa hesabu niliyopewa nitapata mkupuo wa kama milioni 52 na pensheni ya kama laki tano na ishirini kwa mwezi. Nawaza niuze nyumba ya Chanika, nijenge Tanga, ninunue baiskeli, niishi maisha nafuu. Mke wangu ni mtu wa Songea, ana genge lake na kikoba chake hapa Chanika, na wazo hili halimfurahishi. Watoto wanasema nakimbilia utoto. Nina presha, natumia dawa, na goti la kulia linauma nikipanda ngazi. Usiku nikikosa usingizi nazipita zile njia moja moja kichwani. Je, najidanganya?"

Shikamoo Mwalimu.

Hapana, hujidanganyi. Ila ndani ya swali lako nayaona matatu, na yakijibiwa kwa pamoja yatakuvuruga: pesa yako itatosha wapi, mwili wako unaweza nini leo, na mama, yaani mkeo, atakwenda kuishi maisha gani huko. Kazi yangu ni kukaa na wastaafu wakipanga maisha baada ya kazi. Wengi wanaorudi walikotoka huliangalia la kwanza tu, na wanaojuta huwa wamekwama kwenye la tatu.

Nianze na hizo njia za usiku, maana watoto wamezisemea vibaya. Hali hiyo inafahamika sana kwa wanaochunguza kumbukumbu. Mtu mzima akiombwa aseme yaliyomtokea maishani, mengi yanayomjia ni ya kati ya miaka kumi na thelathini ya umri wake, kuliko ya miaka iliyofuata. Huo ndio umri wa mambo ya mara ya kwanza: mara ya kwanza kuachiwa baiskeli ya baba, mara ya kwanza kufika mahali bila kusindikizwa, pesa ya kwanza ya kibarua. Tena ndio umri ambao mtu anaanza kujijua yeye ni nani, kwa hiyo kila anapojisimulia maisha yake anarudi palepale. Kustaafu kunapokaribia hali hii inaweza kuongezeka. Kwa miaka 35 umeamka ukijua saa moja na nusu asubuhi unatakiwa wapi na nani atakuamkia, na mwakani ratiba hiyo inaondoka. Akili inatafuta mahali pengine ulipokuwa mtu kamili kabla hujawa Mwalimu, na inapata Ngamiani, juu ya Phoenix. Waambie watoto hakuna utoto hapo.

Lakini kumbukumbu huchuja. Inabakiza upepo wa bahari ukishuka Raskazone, na inaacha pancha ya saa saba mchana katikati ya mkonge bila pampu. Inabakiza kijana wa miaka kumi na saba mwenye magoti mazima. Na inabakiza barabara za miaka ya themanini, ambapo ungeweza kutoka Mkwakwani baada ya mechi ya Coastal Union, mwaka ule wa 1988 walipochukua ubingwa, mkarudi baiskeli tano mkiwa mmetanda barabara nzima mnapiga soga. Leo ukitanda hivyo bodaboda atakupitia ubavuni kabla hujageuza shingo.

Sasa zitazame njia zako kwa jicho la bajeti, kwa sababu hapo ndipo naona kumbukumbu yako inasema kweli kuliko hata wewe unavyodhani. Tanga mjini ni tambarare na ni ndogo. Kutoka barabara za namba za Ngamiani kwenda Bombo hospitali, soko la Mgandini, mabenki ya mjini ng'ambo ya reli, soko la samaki la Deep Sea, mpaka Raskazone kwenyewe, hakuna safari inayozidi nusu saa kwa baiskeli ya mwendo wa mzee. Huko Chanika, ukitaka kumwona daktari bingwa au kwenda Kariakoo unaondoka na nusu siku, na nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili. Kinachofanya mji uwe nafuu kwa mstaafu si bei ya nyanya peke yake. Kikubwa ni umbali kati ya kitanda chake na mambo manne au matano anayoyahitaji kila wiki. Ulipokuwa unakwenda kila mahali bila senti mfukoni ulikuwa unauonja unafuu huo, na bado upo.

Sasa niondoe dhana moja, kwamba mikoani kila kitu ni rahisi. Kodi ya nyumba Tanga, ndiyo, iko chini kuliko Dar. Samaki, mboga, nazi na machungwa ya Muheza, ndiyo. Lakini uniti za LUKU bei yake ni moja nchi nzima. Vidonge vyako vya presha, vocha na mbao havijui kwamba umehama. Saruji inatengenezwa palepale Pongwe, lakini fundi atakayejua umetoka Dar na mafao hatakupa bei ya jirani. Halafu kuna gharama ambayo wastaafu husahau kuiandika: kurudi. Watoto wako Dar. Kutakuwa na harusi, msiba, mjukuu kuzaliwa, na siku moja rufaa ya hospitali ya Muhimbili au KCMC ya Moshi. Dar ni kama kilometa 350 kupitia Segera na Chalinze, basi la siku nzima ukihesabu na kusubiri. Andika safari hizo kwenye daftari kwa watu wawili, mwaka mzima, ndipo uone Tanga inabaki nafuu kwa kiasi gani. Kwa hesabu nilizowahi kupiga na watu wa kipato chako bado inabaki nafuu, ila unafuu wenyewe ni mdogo kuliko waliokuwa wakiutarajia.

Tuje kwenye pesa yenyewe, na hapa naomba unisome polepole. Kikokotoo chako, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kinafanya hivi. Wastani wa mshahara wako wa mwaka kwa ile miaka mitatu bora unazidishwa kwa idadi ya miezi uliyochangia, kisha unagawanywa kwa 580. Tuseme mshahara wako ni milioni 1.2 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka, na umechangia miezi 420. Inakuja kama shilingi 10,430,000. Hiyo ndiyo pensheni yako kamili ya mwaka. Kisha inakatwa vipande viwili. Kwa ninyi mliotoka kwenye mifuko ya zamani ya pensheni iliyokuwa ikilipa mkupuo wa asilimia 50, kipande cha mkupuo kilishuka hadi asilimia 33 Julai 2022, kisha kikapandishwa hadi 40 mwaka 2024. Kipande hicho kinazidishwa kwa 12.5, unapata hizo milioni 52. Asilimia 60 inayobaki inagawanywa kwa miezi kumi na miwili, unapata hiyo laki tano na ishirini na kidogo.

Tazama ile 12.5. Ni miaka. Mkupuo wako ni pensheni ya miaka kumi na miwili na nusu, kama shilingi 347,000 za kila mwezi, uliyopewa yote siku moja. Ukiimwaga yote kwenye msingi, tofali na bati, umekula leo sehemu ya chakula chako cha mpaka miaka sabini na mbili na nusu. Sikuambii usijenge. Nasema ukijenga, ujue unajenga kwa pesa hiyo, wala si kwa zawadi ya serikali iliyoanguka juu yako. Wengi huiona kama zawadi, ndiyo maana inaisha ndani ya mwaka.

Jambo la pili ni kwamba pensheni ya mwezi haipandi yenyewe kila bei zinapopanda. Inaongezwa pale uamuzi wa kuiongeza unapotolewa. Tuseme bei zipande kwa asilimia 4 tu kila mwaka na pensheni isiguswe. Baada ya miaka kumi na tano, laki tano na ishirini itanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa kama laki mbili na tisini. Kwa hiyo mstaafu anahitaji angalau kitu kimoja ambacho kipato chake kinapanda pamoja na bei. Wewe unacho tayari, nacho ndicho unachotaka kukiuza. Nyumba ya Chanika ikipangishwa, kodi yake itapanda kadiri Dar inavyopanda, na mpangaji wa Dar hulipa miezi mitatu au sita mbele. Ushauri wangu juu ya hilo hauna kona: usiuze. Hata Tanga ikikupendeza sana, usiuze ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Aliyeuza nyumba Dar hairudishi kwa pensheni ya ualimu.

Na kabla hujaambiwa na dalali kwamba ana mteja wa haraka, jua kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakuzuia kuuza, kuweka rehani au hata kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mkeo. Nimelitaja hili kama sheria, lakini najua kwako ni zaidi ya sheria, kwa sababu umeliandika jina la Songea mwenyewe bila kuulizwa.

Mwalimu, kwako Tanga ni kurudi. Kwa mama ni kuhama, tena mara ya pili. Alitoka Songea akakufuata Dar, akaanza sifuri, akajenga genge mpaka wateja wakamzoea, akaingia kikoba na wenzake wanamjua kwa kutochelewesha hisa. Unamwomba, akiwa na umri wake, aanze sifuri tena kwenye mji ambao wewe unasalimiwa kila kona na yeye anaitwa "yule mke wa mwalimu, mgeni." Kutofurahi kwake kuna akili. Mwombe jambo moja usiku wa leo: akuambie genge linaingiza kiasi gani kwa wiki baada ya mtaji. Wanaume wengi niliokaa nao walishtuka walipoisikia hesabu hiyo. Inawezekana mboga, gesi na ada ya mjukuu vinatoka kwenye lile genge, na laki tano na ishirini ya pensheni haijawahi kupimwa ikiwa peke yake.

Akikubali kujaribu, mpangilie vizuri. Msiondoke katikati ya mzunguko wa kikoba. Subirini siku ya kuvunja na kugawana, aondoke na pesa yake kamili na jina safi, ili akirudi apokelewe. Genge amwachie mtu kwa makubaliano, asilifunge. Na Tanga kwenyewe yeye ndiye achague mtaa. Wewe utaipenda nyumba yoyote iliyo karibu na barabara ya namba uliyozaliwa. Yeye atatazama kama kuna uwazi wa kuweka meza, kama maji yanatoka, kama jirani anaongea na watu.

Jaribio lenyewe liwe hivi. Pangeni chumba na sebule, msijenge. Mkae muda wa kutosha kuonja joto la Januari na Februari, na mvua za masika za Aprili na Mei, maana Tanga unayoikumbuka ni ya likizo na ya hali ya hewa nzuri. Andikeni kila shilingi. Yeye aje na kurudi kadiri biashara yake inavyotaka. Mkimaliza, daftari litakuwa na majibu ambayo mimi siwezi kuwapa kwa barua. Na ukiwa huko, kiasi cha mkupuo kibaki siri yako na ya mkeo. Habari kwamba fulani amerudi kutoka Dar na mafao hufika mtaani kabla ya mizigo, na ndugu wenye shida za kweli watakuja. Weka kiwango cha kusaidia kwa mwezi, kitoke kwenye pensheni, na kikiisha useme kimeisha. Mkupuo uliobaki uutafutie mahali ambapo mkono haufiki kirahisi. Hati fungani za serikali zinauzwa na Benki Kuu kupitia benki za kawaida, na hulipa riba kila baada ya miezi sita. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS inakuruhusu kuingia kwa pesa kidogo na kutoka ukihitaji. Nenda ukaulize masharti ya siku hiyo mwenyewe, ana kwa ana. Atakayekupigia simu akidai anaharakisha mafao yako kwa ada ndogo ni tapeli, hata akilijua jina lako kamili na namba yako ya uanachama.

Kuna haki moja wastaafu wa umma huipoteza kwa kutofungua faili lao mapema. Mtumishi anapostaafu anastahili nauli yake na ya familia, pamoja na kusafirishiwa mizigo, hadi makazi yake ya kudumu yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu za utumishi. Nenda kwa afisa utumishi wa halmashauri yako mwaka huu, uone faili linasema nini. Kama linasema Tanga, gharama kubwa ya kuhama imepata mlipaji. Kama miaka ile uliandika Dar kwa haraka, uliza sasa kama linarekebishika, usingoje barua ya kustaafu.

Tuje kwenye baiskeli, ambayo najua ndiyo ulikuwa unaisubiri. Hapa neno la mwisho ni la daktari anayekutibu presha, lakini nikueleze mambo yanavyokwenda ili uende kwake na maswali.

Goti linalouma kwenye ngazi mara nyingi halichukii mwendo, linachukia mzigo likiwa limekunjwa. Ukipanda ngazi, mguu mmoja unabeba mwili mzima huku goti limepinda, na kifuniko cha goti kinasukumwa kwa nguvu kwenye mfupa wa paja. Kwenye baiskeli, siti ndiyo inayobeba mwili. Goti linazunguka bila uzito mkubwa, misuli ya paja inapata nguvu, na misuli hiyo ndiyo mlinzi wa goti. Ndiyo maana wataalamu wa viungo huwaweka wagonjwa wao kwenye baiskeli. Ila kuna njia mbili za kuliharibu goti hilohilo. Ya kwanza ni siti iliyo chini, ambayo inalilazimisha goti kukunjika sana kila mzunguko. Panda ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki limepinda kidogo tu. Hapo ndipo siti inapotakiwa kuwa. Ya pili ni kusukuma pedeli nzito polepole, na hapo nasikitika kusema Phoenix ya baba haikufai. Ni chuma kizito chenye gia moja, na mtaimbo wake wa juu unakutaka urushe mguu nyuma kupita keria. Kwenye miaka sitini, wengi huanguka wakipanda au wakishuka. Tafuta ya mtumba yenye gia, ile isiyo na mtaimbo wa juu ambayo vijana huiita ya kike, na usione haya. Funga kioo kwenye usukani upande wa kulia, kwa sababu shingo haigeuki tena kama zamani. Kengele, taa na kofia ngumu ni lazima. Mafundi Tanga wapo chini ya miti kila mtaa, na vipuri si shida. Huo ni mji ambao baiskeli haijawahi kudharauliwa.

Kuhusu presha, usiache dawa kwa sababu umeanza mazoezi na namba zimeshuka. Namba zimeshuka kwa sababu ya vyote viwili. Muulize daktari dawa yako ni ya kundi gani. Zile zinazokojoza, ukichanganya na jua la pwani, zinaweza kukuangusha kwa kizunguzungu, kwa hiyo maji na asubuhi mapema. Zile zinazopunguza mapigo ya moyo zitakufanya ushindwe kujipima kwa mapigo. Pima kwa maneno: kama unaweza kumaliza sentensi nzima ukiendesha, mwendo ni sawa. Kifua kikibana, maumivu yakielekea mkononi au kwenye taya, pumzi ikikata bila sababu au macho yakiingia giza, shuka, kaa kivulini, mwite mtu, uende hospitali mara moja hata kama hali hiyo imepita. Goti likivimba, likiwa la moto, likikwama au likikuachia ghafla, achana na ushauri wa kuandikiwa, liende likashikwe na mtaalamu. Na kabla ya yote, ukiwa bado na kadi yako ya bima ya kazini, pima sukari, moyo kwa ECG, na macho. Mtoto wa jicho akianza, magari ya jioni utayaona kwa kuchelewa. Uliza pia NHIF, mfuko wa bima ya afya, kwa maandishi utaratibu wa mstaafu na mwenza wake, kabla ya siku yako ya mwisho kazini.

Na njia zako? Raskazone iko salama kuliko zote, na ni ya kila siku ukitaka. Amboni ni kama kilometa nane, lakini barabara ya Horohoro sasa ni lami na magari yanakimbia. Nenda asubuhi mapema ya Jumapili. Pongwe usiende kwa baiskeli kwa kufuata barabara kuu: hiyo ndiyo njia ya malori ya saruji na ya bandari, na bega la barabara halikutoshi wewe na wao. Kwa mjomba panda daladala. Tongoni, kwenye yale makaburi ya nguzo na msikiti wa kale, ni kama kilometa kumi na saba kwenda tu, kwa barabara ya Pangani. Hiyo iwe ya baada ya miezi kadhaa ya mazoezi, uwe na mwenzako, mkiwa mmeshaangalia hali ya barabara. Kigombe nenda kwa gari, na samaki arudi nawe humohumo. Na fuata upepo kwa mpango: msimu wa kusi anza kwa kuelekea kusini ukiwa na nguvu, urudi unasukumwa. Kaskazi ikivuma, geuza, nenda upande wa Amboni kwanza. Ulipokuwa kijana hukulijali hilo kwa sababu hukuhitaji.

Mwisho, nyumba yenyewe, kama jaribio litakwenda vizuri na mama akasema ndiyo. Utavutwa na viwanja vya nje, Mwambani, Chongoleani na kule nyuma ya Pongwe, kwa sababu ni vikubwa na dalali ana maneno matamu juu ya bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, linaloishia Chongoleani. Hiyo ni biashara ya mwenye miaka thelathini anayeweza kusubiri. Wewe utakuja kuwa na miaka sabini na minane, na siku hiyo baiskeli itakuwa imewekwa. Chagua mahali ambapo bila baiskeli bado utatembea kwa miguu hadi duka la dawa, sokoni na kwenye kijiwe cha bajaji: Ngamiani, Chumbageni, Makorora, au mtaa mwingine wa ndani. Chumba kidogo mjini kinakufaa kuliko ekari kule mbali.

Ukifika kununua, usilipe kwa karatasi ya serikali ya mtaa peke yake. Nenda ofisi ya ardhi ya jiji, uhakikishe kiwanja kimepimwa na kinatambulika. Fanyeni upekuzi rasmi kwa msajili wa hati, mlipie wakili wako mwenyewe asiye wa muuzaji, na majina mawili yaandikwe kwenye hati, lako na la mama. Hesabu za mafao zithibitishe PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kwenye kaunta, ukiwa na hati zako za mshahara mkononi, miezi sita kabla ya tarehe yako. Kama watakupa namba tofauti na hizo milioni 52, rudia hesabu zote za hapo juu kwa namba yao kabla hujamlipa mtu yeyote kodi Tanga.